Mzee Silvesta Hajagonga

Siku ya treni, watu wa Ntumba hawaangalii saa. Wanasikiliza chuma. Ni kipande cha reli chakavu kilichoning'inizwa kwa waya kwenye boriti ya jengo la stesheni, na boliti nene ya kukigongea inakaa dirishani. Kikilia mara moja, treni kutoka Mpanda imeonekana kwenye kona, wenye mabeseni wabebe mabeseni. Kikilia mara mbili, treni inaondoka, na aliyepanda kusindikiza ashuke.

Mlio huo wa pili ndio unaoheshimiwa zaidi, kwa sababu Ntumba msafiri hasindikizwi mpaka mlangoni mwa behewa. Anasindikizwa mpaka kwenye kiti. Ndugu na majirani wanapanda naye, wanamtafutia nafasi ya dirishani, wanakaa, wanavua viatu, wanafungua vyakula, wanasali, kisha wanaanza habari za ukoo kana kwamba wako sebuleni. Hakuna anayeinuka mpaka chuma kilie mara mbili. Wageni wanaona ni vurugu. Watu wa Ntumba wanaona kumwacha mtu mlangoni ni sawa na kumfukuza.

Anayegonga ni Silvesta. Alipoanza kazi ya gengi, kushindilia mawe na kukaza reli, stesheni ilikuwa na stesheni masta mwenye kofia, dirisha la tiketi, bomba la maji, na ghala lililonuka tumbaku na asali mpaka barabarani. Halafu vitu vikaanza kuondoka kimoja kimoja. Masta alihamishwa. Dirisha likapigiwa mbao. Ghala likachukuliwa na mbuzi, ambao hawakuomba ruhusa kwa mtu. Siku hizi tiketi inanunuliwa Mpanda, na treni inasimama Ntumba pale tu dereva anapoona bendera. Silvesta mwenyewe alistaafu zamani, ila hakuna aliyemwambia aache kugonga, na yeye hakuuliza. Anafagia jukwaa, anajaza pipa la maji, anatunza ufunguo wa choo, anainua bendera, na anajibu watu wanaopiga simu kuuliza treni imefika wapi. Huduma zote za stesheni zimebaki ndani ya mzee mmoja mwenye goti bovu.

Mkewe, Imakulata, alikuwa akiuza chai na mihogo ya kukaanga pale jukwaani. Waliowahi kupita njia ile wanaikumbuka chai yake, yenye tangawizi ya kuwasha koo. Silvesta alipojisahau akipiga soga na abiria, Imakulata alimwambia bila kuinua macho kwenye birika, "Gonga, Baba Glory. Watu wana safari." Naye aligonga.

Alifariki mwezi wa pili, hospitalini Mpanda, akarudishwa nyumbani kwa treni, kwenye behewa la mizigo. Silvesta ndiye aliyeigongea treni hiyo ilipofika. Ilipoondoka hakugonga, mikono yake ilikuwa imebeba jeneza. Hakuna aliyegundua, maana siku hiyo hakukuwa na mtu aliyekaa ndani kusindikiza.

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza, na Glory, binti yao, alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi Tabora. Barua ilisema mwisho wa kuripoti ni Ijumaa, na vyeti halisi mkononi. Atakayechelewa, nafasi yake anapewa mwingine. Treni ya Jumatano ndiyo ilikuwa yake. Barabara ilikuwa imekwisha kuwa tope, mabasi yanalala njiani.

Jumatano hiyo asubuhi Silvesta alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, akimtazama binti yake akifunga sanduku la bati, na akatoa kila sababu aliyokuwa nayo.

"Mvua hizi, Glory."

"Treni haiogopi mvua, baba."

"Tabora kuna malaria."

"Na hapa je?"

"Malaria ya hapa tunaijua."

Ndani, dada mkubwa wa Silvesta, Yustina, alicheka mpaka akaacha kukunja mashuka. Yustina alikuwa amekuja tangu Jumapili kusimamia safari, na hakuna kitu katika nyumba ile ambacho hakuwa amekihamisha.

"Na kuku watabaki na nani?" Silvesta aliuliza.

"Kuku watabaki na mimi," Yustina akajibu. "Tafuta jingine."

Silvesta alifikiri kidogo. "Mimi nitapikiwa na nani?"

"Mikono unayo. Si hiyo inayopiga vyuma?"

"Dada, tangu nizaliwe sijawahi kuwasha jiko."

"Basi una bahati. Watu wengi wa umri wako hawana jambo jipya la kujifunza."

Glory hakucheka. Aliinama akapangusa mfuniko wa sanduku kwa kanga yake. Sanduku lilikuwa la kuazima, la mke wa Seleman mwenye duka, na juu yake mtu alikuwa ameandika SAUDA kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za kwenye lori. Seleman mwenyewe alilileta akiwa na mche wa sabuni wa zawadi, akasema kwa upole, lakini mbele ya watu, "Mama watoto anasema lirudi likizo, na lisikwaruzwe." Silvesta alimshukuru akiangalia chini. Mshahara wa gengi ulinunua mambo mengi miaka ile, ila haukuwahi kufika kwenye sanduku.

"Vyeti viweke humo chini kabisa, chini ya mashuka," Yustina aliamuru. "Mkobani vibaka watakuchania."

Glory akaviweka chini kabisa.

Silvesta alipogonga mara moja, nusu ya kijiji ilikuwa tayari jukwaani. Walikuja kwaya ya kigango, majirani, wateja wa zamani wa Imakulata, na Seleman aliyefunga duka. Wauza mihogo waliweka mabeseni chini, kwa sababu siku hiyo hata wao walikuwa wasindikizaji. Treni ikasimama kwa kulalamika, na watu wakapanda wote kama maji yanavyoingia kwenye mtungi.

Aliyebaki chini na Silvesta alikuwa Enoka, mzee wa kanisa mwenye bodaboda, ambaye hupendelea kuwaombea wasafiri kutoka nchi kavu.

"Hilo sanduku nipandishie, baba!" Glory aliita kutoka dirishani.

"Nalileta. Zito hili, wewe kaa."

Lakini hakulileta. Alilivuta mpaka chini ya chuma chake, akaketi juu yake kupumzisha goti, boliti mkononi. Kutoka behewani zilikuja sauti za kwaya, na sauti ya Yustina ikimwelekeza Glory asikae upande wa jua. Silvesta alimwona binti yake akigeuza shingo kuongea na mtu, na shingo ile ilikuwa ya Imakulata kabisa.

Hakuwa na mpango wowote. Alijua tu kwamba akigonga mara mbili, Glory anakwenda, na nyumba inabaki na yeye na birika lisilochemka. Asipogonga, basi hajaenda. Akajiambia atagonga wimbo huu ukiisha. Wimbo ukaisha, wakaanza mwingine.

Treni ikapiga honi.

Dereva wa zamani angesubiri. Angetoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Mzee, umelala?" Lakini dereva wa siku hiyo alikuwa mgeni katika njia ile. Aliona bendera ya kijani ya gadi, msimamizi wa treni, mwishoni mwa mabehewa, akaona jukwaa tupu, halina msafiri, halina msindikizaji, isipokuwa mzee mmoja amekaa juu ya sanduku na mtu wa bodaboda. Akaondoka.

Ndani ya behewa la daraja la tatu, wa kwanza kuona mti ukirudi nyuma alikuwa Seleman.

"Jamani, tunatembea."

"Hatutembei," Yustina alisema, akimenya yai. "Wanapanga mabehewa."

"Mama, ule ni mnazi wa Padri. Tumeupita."

"Silvesta amegonga?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyesikia.

"Basi," Yustina akasema, akaweka chumvi kwenye yai. "Itarudi."

Walivuka daraja dogo. Walipita shamba la mihogo la mwisho, ambalo wote waliokuwa mle walilifahamu kwa jina la mwenyewe. Mwanakwaya mmoja alisema pengine sasa ingefaa kuanza kuwa na wasiwasi, akaambiwa asitie watu hofu, mzee hajagonga. Ni msitu ulipoanza pande zote mbili ndipo Yustina alipolishusha yai.

"Amefanya nini huyu mtu?" alisema polepole.

"Shangazi," Glory alisema, na sauti yake ikakatika. "Sanduku langu liko chini. Vyeti vyangu."

Yustina alimtazama binti wa mdogo wake, akatazama mlango wa behewa ambako mkaguzi wa tiketi alikuwa anaingia na kofia yake, akahesabu jambo kichwani. Kapondo, stesheni inayofuata, treni ya abiria husimama kupisha ya mizigo inayotoka Kaliua. Kila mtu aliyekulia kando ya reli anajua hivyo.

"Nyamaza," alimnong'oneza. "Atakuja. Namjua, nimembeba mgongoni. Kazi yangu mimi ni kugombana."

Silvesta alisimama jukwaani. Treni ilikuwa imebaki moshi tu juu ya miti. Pembeni yake yalikuwepo mabeseni ya mihogo, ndoo ya Yustina, viatu vya watoto vilivyoachwa kwenye ngazi, na mbuzi wawili waliokuwa wanasogea kwenye mabeseni bila pupa, kama watu wenye siku nzima. Alitaka kumzuia mmoja asiondoke. Alikuwa amekipeleka kijiji kizima.

"Mzee," Enoka alisema nyuma yake, "hukugonga."

"Nimeona."

"Wote wamekwenda. Hata mke wangu."

"Nimeona, Enoka!" Halafu akaangalia alichokuwa amekikalia. SAUDA, lilisema sanduku. Akili ikamrudia mara moja, pamoja na Ijumaa, na vyeti chini ya mashuka. "Pikipiki yako ina mafuta?"

"Ya kunifikisha kanisani na kurudi."

"Leo kanisa liko Kapondo."

Walilifunga sanduku nyuma kwa mipira, Silvesta akakaa katikati. Hakuwahi kupanda pikipiki maisha yake yote, alikuwa akiwaambia watu kwamba kitu kisichosimama chenyewe si chombo. Walifuata njia ya gengi, kando ya reli, njia aliyoitembea na sururu miaka mingi. Kila penye shimo alimwambia Enoka kabla, na kila penye shimo Enoka alipunguza mwendo mpaka pikipiki ikataka kuzimika.

"Ongeza moto!"

"Mzee, Bwana hapendi haraka."

"Bwana hajaazima sanduku la Sauda!"

Enoka akaongeza kidogo, akianza zaburi kwa sauti ya chini. Tope liliwarukia mpaka nyusi. Mahali fulani goti la Silvesta liligonga jiwe. Kisha wakasikia mngurumo mbele yao, na treni ya mizigo ikatokea, ndefu, ikawapita kwa upepo na vumbi la simenti, ikielekea Mpanda.

Enoka alifurahi. "Sasa kutakuwa kimya, nisikie injini."

Silvesta alikuwa amefumba macho. Treni ya mizigo ikishapita, njia ni nyeupe. Hakuna tena kinachomweka Glory Kapondo.

Kilichomweka Glory Kapondo ni Yustina.

"Kwa mara ya mwisho," mkaguzi alikuwa anasema, jasho likimtoka chini ya kofia, "tiketi zenu."

"Tiketi ya nini? Sisi hatusafiri."

"Mama, mmetoka Ntumba, mko Kapondo."

"Tumebebwa. Mtu aliyebebwa ni mzigo. Kwenye tiketi za mizigo umetutafuta?"

Behewa likacheka. Abiria waliotoka Mpanda walikuwa wamesimama juu ya viti ili waone vizuri.

"Sheria inasema asiye na tiketi analipa nauli na faini."

"Sheria inajua kwamba Silvesta hajagonga?"

"Silvesta ni nani?"

Watu wa Ntumba walimtazama kwa huruma.

"Kijana wangu," Yustina alisema, "Silvesta ndiye stesheni."

Gadi alikuja, akapuliza filimbi, akaondoka. Dereva akapiga honi. Mkaguzi aliwaambia basi washuke tu, faini amesamehe, na Yustina akasema hapana, haki haisamehewi, aandike majina yao, wote, na majina ya baba zao. Alianza na la kwake, akalisema taratibu. Seleman, aliyeelewa, alianza kutafuta kitambulisho mfukoni, akatoa leso, akatoa funguo za duka, akatoa leso ile ile tena. Mama mmoja aliyesafiri kutoka Mpanda alimuuliza Glory kwa sauti, "Hawa ndio ndugu zako?" Glory alisema ndiyo, na masikio yalimwaka, lakini hakuinamisha kichwa.

Mkaguzi alikuwa amefika jina la tano alipoinua macho dirishani na kuona pikipiki inaingia Kapondo ikiwa na watu wawili wa udongo na sanduku.

Silvesta alishuka kabla haijasimama, akaanguka, akainuka. Akalibeba sanduku kichwani, akachechemea mpaka chini ya dirisha la Glory. Mikono ya watu ikalipokea.

"Wewe ndiye Silvesta?" mkaguzi aliuliza kutoka mlangoni.

"Ndimi."

"Hawa wanasema wako ndani ya treni kwa sababu hukugonga chuma. Kweli?"

Ilikuwa rahisi kusema dereva ni mgeni. Ilikuwa rahisi hata kusema waya umekatika. Watu wote wa Ntumba walikuwa madirishani, na wa Kapondo jukwaani, na tope lilikuwa likimchuruzika kidevuni.

"Kweli. Hao hawana kosa. Chuma kizima na mkono mzima. Sikugonga."

"Kwa nini?"

Silvesta alimtazama Glory. "Sikutaka aende."

Mkaguzi alivua kofia, akaipangusa ndani, akaivaa tena. Labda na yeye alikuwa na mtu mahali. "Haya," alisema. "Shukeni. Treni inachelewa."

Lakini hakuna aliyeshuka. Wasindikizaji walikaa wakimwangalia Silvesta, na mkaguzi akashika kichwa.

Glory alitoa mwili nusu nje ya dirisha. Macho yalikuwa yamejaa, ila sauti ilitoka sawasawa, bila kuinuka, kama ya mtu anayeangalia birika.

"Gonga, baba. Watu wana safari."

Silvesta aligeuka, akaomba spana ya Enoka, akaenda kwenye rundo la reli kuukuu lililokuwa kando ya njia. Aligonga mara mbili. Chuma cha Kapondo kililia vibaya, sauti ya bati, lakini behewa lote liliinuka kwa pamoja kama kanisani, watu wakavaa viatu, wakampa Glory mkono, wakashuka. Yustina alishuka wa mwisho, akasema dirishani, "Kaa upande usio na jua."

Safari hii Silvesta alisimama akaiangalia treni mpaka mwisho wake.

Walirudi Ntumba kwa miguu, juu ya mataruma ya reli, mstari mrefu wa watu wenye njaa. Enoka alipita na mkewe nyuma, akawaahidi kuwaombea. Njiani Silvesta alitukanwa na kila mmoja kwa zamu yake, na alipokea vizuri. Seleman aliuliza tu kama sanduku limekwaruzwa.

"Kidogo. Kwenye ile herufi ya mwisho."

"Nitamwambia lilikuja hivyo kutoka kiwandani."

Jukwaani walikuta mabeseni matupu na mbuzi wamelala. Watu wakatawanyika kwenda kutafuta cha kula. Yustina alikwenda kufungia kuku. Silvesta alibaki peke yake, akaangalia mafiga ya Imakulata pembeni ya ukuta, ambayo hakuna aliyeyagusa tangu mwezi wa pili. Akaenda kuchukua birika.

Baada ya kitambo kirefu, na moshi mwingi kuliko ilivyohitajika, chuma cha Ntumba kililia mara moja.

Kijiji kizima kilitoka mbio. Wengine walikuja na mabeseni, mmoja na kuku kwapani. Walifika wakihema, wakaangalia kona ya Mpanda, wakaangalia upande wa Kaliua. Reli zilikuwa tupu pande zote.

"Treni iko wapi?" Yustina aliuliza.

"Hakuna treni," Silvesta alisema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, na birika lilikuwa jeusi mpaka mdomoni. "Chai imefika. Leteni vikombe."

Yustina alionja wa kwanza. Alimeza, akakohoa, akatoa machozi.

"Tangawizi umetia kiasi gani?"

"Yote."

Dada yake alikinyoosha kikombe aongezewe.